Gereji ya Wasomaji: Usukani Unaocheza, Miguu ya Mbele Iliyochoka

Barua nyingi za safari hii zimetoka Kigoma na Tabora, na magari yanayoulizwa ni ya zamani lakini hayajastaafu. Yanabeba dagaa, tumbaku, asali, mbao na watu. Ya Ujiji tumeijibu kwa kirefu kwa sababu barua nyingine kadhaa zilizofanana nayo zimejibiwa humo humo. Vipimo tunavyovitaja ni vya gari lililoulizwa. Usivihamishie gari jingine.

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Land Rover Series III ya 109, ya petroli, niliyoachiwa na baba mdogo. Nikifika mwendo wa kilomita 60 hivi nikakanyaga shimo, usukani unaanza kutikisika kushoto na kulia mpaka nisimame kabisa. Hata gari likiwa limesimama, usukani unazunguka upana wa kiganja kabla gurudumu halijajua. Fundi wa kwanza amebadilisha tairodi endi mbili (viungo vya ncha za fito za usukani), hakuna nafuu. Wa pili anataka nifunge dampa ya usukani. Nianzie wapi, na ninunue nini?
*Msomaji, Ujiji*

JIBU: Dampa, kile kifaa kama shokapu cha kutuliza usukani, iache kwanza. Mtikisiko unaoanzishwa na shimo na kuisha gari likisimama, kwenye Land Rover za springi za majani, mara nyingi sana unatoka kwenye kingpini za juu (pini ambazo gurudumu la mbele hugeukia) zilizopoteza mkazo. Dampa itauficha kwa muda huku bushi ikiendelea kulika, na siku dampa yenyewe itakapochoka utaukuta ule ule, mkubwa zaidi. Tairodi endi mbili hazikukusaidia kwanza kwa kuwa gari lako lina sita, na pili kwa kuwa ugonjwa pengine hauko huko.

Usinunue kitu kabla hujajua mchezo uko wapi. Anza na kisicho na gharama: tairi. Rimu iliyopinda au tairi iliyolika upande mmoja inaweza kuanzisha mtikisiko yenyewe, kwa hiyo hamisha za nyuma zije mbele ujaribu barabarani. Pima na upepo. Tairi za 7.50-16 za mbele kwenye 109 zinataka psi 25.

Kisha gari likiwa limekaa chini, injini imezimwa, mwenzako auchezeshe usukani kidogo kidogo kushoto na kulia. Wewe ingia chini, ufuate chuma kwa chuma. Usitegemee macho. Laza kidole juu ya kila kiungo, nusu yake upande huu na nusu upande ule, kwa sababu kidole huhisi mchezo ambao jicho halioni. Stelingi boksi yenyewe inajongea pale ilipofungwa? Bolti za mabano yake hulegea, na kuna watu wamenunua boksi nzima kumbe ilikuwa kazi ya spana. Dropamu, mkono unaotoka kwenye boksi, inachelewa nyuma ya shafti yake? Fito ndefu inayokwenda mbele inacheza kwenye ncha zake? Mkono wa juu wa rilei (kifaa kilichofungwa kwenye chasisi, kinachopokea mwendo wa fito hiyo) unatembea wakati wa chini bado umelala? Endelea hadi dragi linki (fito ya kutoka kwenye rilei hadi gurudumu) na traki rodi (fito inayounganisha magurudumu mawili), na uandike ulichokiona kabla ya kushika spana yoyote.

Sasa inua ekseli ya mbele, weka stendi, zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo. Tofali la kuchoma si stendi. Hupasuka bila kutoa taarifa. Shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, mwenzako akanyage breki na kuishikilia. Mchezo ukiisha, ni beringi za habu. Ukibaki, ni kingpini, kwa kuwa breki imeshafunga dramu na bamba lake kuwa kitu kimoja, na kinachobaki kucheza ni nyumba nzima ya swiveli, ile inayogeuka pamoja na gurudumu, juu ya tufe lake la kromu. Ukishika gurudumu kushoto na kulia likacheza upande huo tu, rudi kwenye tairodi endi.

Tuseme ni kingpini, kama tunavyodhani. Pini fupi ya juu inakaa kwenye bushi ya Railko, ambayo si ya shaba bali ya kitambaa kilichogandishwa kwa gundi ngumu. Pini ya chini, iliyoungana na mkono wa usukani, inakaa kwenye beringi ya roli za mshazari. Bushi ya juu haikuwekwa ili izunguke kwa wepesi. Kazi yake ni kubana, na ule msuguano ndio unaolizuia gurudumu lisipepesuke. Oili huifikia kwa kurushwa tu na krosi (kiungo cha hafu shafti, ile inayozungusha gurudumu) inayozunguka ndani ya tufe. Sili kubwa ikianza kuvuja, oili hushuka, na bushi ya juu ndiyo ya kwanza kukauka. Chanzo cha chanzo, basi, ni kromu: ikishaliwa na kutu hukwangua mdomo wa sili, sili huvuja, bushi hukauka na kulika, na hapo ndipo dereva anaanza kulaumu tairodi endi.

Kwa pande zote mbili utahitaji: bushi za Railko 2 na washa zake za chini 2, beringi za kingpini ya chini 2, sili kubwa za swiveli 2 na gasketi zake, sili za habu 2, beringi za habu 4 (ya ndani na ya nje kila upande), washa za kufuli 2, seti ya shimu (vibati vyembamba vya kurekebishia mkazo), na lita 1 ya oili ya EP90. Krosi za hafu shafti 2 uzinunue tu kama za zamani zina mchezo au zinakwama zikikunjwa. Usifanye upande mmoja ukaacha mwingine, gari litavuta.

Kufungua: toa gurudumu, dramu, kofia ya habu, flanji yenye bolti sita, kisha nati mbili kubwa kwa spana yake ya boksi ya milimita 52. Tafadhali, si kwa patasi na nyundo. Nati iliyopigwa patasi hairudishiki kwa kipimo, na vipande vyake huishia ndani ya beringi. Habu ikitoka, fungua bolti sita za stabu ekseli. Bamba la breki huachia pamoja nazo, na unaweza kulifunga kwa waya juu ya springi bila kufungua bomba la breki, mradi bomba lisikunjwe. Vuta hafu shafti pamoja na krosi yake, polepole, usiikwaruze sili iliyo ndani.

Achia traki rodi, na upande wenye dragi linki uiachie pia. Fungua kingpini ya juu, hesabu shimu zake na uzifunge pamoja kwa waya. Fungua ya chini huku mtu ameishika nyumba ya swiveli, ni nzito. Hapo wengi huishia, wakaacha tufe la kromu kwenye ekseli, kisha wakaikata sili mpya ili waizungushe. Sili iliyokatwa huvuja. Sili inaingilia upande wa ekseli, kwa hiyo tufe lazima lifunguliwe.

Kagua kromu pale sili inapopita. Vishimo vidogo vichache vinazibika kwa gundi ya chuma ya sehemu mbili, ukaisugua ikishakauka kwa msasa wa maji namba 1200 mpaka ukucha usihisi ukingo. Kromu iliyobanduka ni ya kutupa. Iangalie pia njia ya beringi ya chini: ikiwa ina alama zilizobonyea kwa mstari, usukani ulikuwa unakwama katikati, na beringi mpya juu ya njia ya zamani itakurudisha pale pale. Badilisha vyote viwili. Bushi mpya iloweke kwenye oili usiku kucha kabla ya kuisukuma, na uisukume kwa jiliwa au bolti ndefu ili iingie wima. Ikipigwa nyundo hupasuka ukingo.

Sasa inakuja hatua inayorukwa na wengi. Funga kingpini zote mbili kwa shimu zile zile, bila sili kubwa, bila hafu shafti, bila traki rodi. Tafuta mizani ya ndoano, ile ile wanayopimia migebuka mwaloni Kibirizi. Ingiza ndoano kwenye tundu la mkono wa usukani, vuta kwa pembe mraba na mkono huo. Soma mizani wakati nyumba inatembea, si pale inapochomoka. Tunataka kati ya kilo 5 na kilo 7. Ikisoma kilo 2, punguza shimu chini ya kingpini ya juu. Ikipita 7, ongeza. Shimu zina unene wa inchi 0.003, 0.005, 0.010 na 0.030, kwa hiyo toa nyembamba kwanza, moja moja, kaza bolti sawasawa, pima upya. Upande wa pili usome karibu sawa na wa kwanza. Gari litakuwa zito kidogo kulizungusha likiwa limesimama, ndivyo linavyotakiwa.

Kurudisha ni kinyume chake, na sili kubwa ikae mwisho kabisa. Nati ya ndani ya habu ikaze huku ukizungusha habu mpaka iwe nzito, irudishe kidogo hadi ibaki na mchezo wa kama milimita 0.1, weka washa ya kufuli, kaza nati ya nje, kisha pima tena maana nati ya nje huisukuma ya ndani. Kila swiveli inapokea nusu lita ya EP90. Kuna mafundi wanaojaza grisi ngumu ya beringi ili isivuje. Haivuji, kweli, lakini krosi ikishaisukuma pembeni hairudi tena, na bushi ya juu inabaki kavu. Anayetaka grisi atafute nyepesi ya daraja la 00, inayotiririka.

Baada ya kilomita 500 kaza upya bolti zote ulizogusa. Mtikisiko ukiwa umekwisha lakini usukani bado una mchezo, ndipo ugeukie stelingi boksi: magurudumu ya mbele yakiwa juu na yamenyooka, legeza nati ya kufuli kwenye kifuniko cha pembeni, ingiza skrubu mpaka mchezo uishe, kisha zungusha usukani mwisho hadi mwisho. Ukikuta sehemu nzito, umezidisha, irudishe.

SWALI: Shikamooni. Land Rover yangu ni IIA, na rilei ya usukani imeganda kwenye chasisi. Nimeipiga nyundo, haitoki. Mchezo hauko mkubwa ila inavuja oili chini.
*Msomaji, Uvinza*

JIBU: Marahaba. Acha nyundo, mzee wetu. Kama mikono ya juu na chini inatembea pamoja na shafti haipandi wala kushuka, rilei hiyo inaweza kubaki ilipo. Safisha juu yake, fungua bolti mbili kati ya nne za kifuniko: moja ya kuingizia oili ya EP90, nyingine ya kutolea hewa. Ijaze kwa bomba la sindano kubwa, taratibu, kwa sababu hewa hutoka kwa shida. Sili ya chini unaweza kuibadilisha rilei ikiwa kwenye gari, baada ya kuutoa mkono wa chini. Uwekee alama mkono na shafti kabla ya kuutoa. Meno yakiruka moja tu, usukani hautakaa katikati.

Kuing'oa ni pale tu shafti inapocheza. Iloweshe kwa oili ya kupenya siku kadhaa, asubuhi na jioni, na moto upeleke kwenye chasisi, si kwenye rilei. Usiigonge shafti kichwani: meno yataharibika, na ndani mna springi nzito iliyobanwa kati ya koni nne za nusu nusu. Hapo pana hatari ya kweli. Springi hiyo ikifyatuka inavunja kidole au jicho. Fungulia rilei ndani ya gunia zito lililofungwa kwa kamba, mdomo ukielekea ukutani, na asisimame mtu mbele. Kuirudisha, bana springi kwenye jiliwa, uvike koni, uzizungushie klipu za mpira wa rejeta, na uziachie klipu zisukumwe zitoke zenyewe shafti inapoingia kwenye nyumba yake.

SWALI: Nilibadilisha tairodi endi zote sita za Land Rover mwaka huu. Mbili zimeshaanza kucheza. Nimeuziwa bandia?
*Msomaji, Isevya, Tabora*

JIBU: Inawezekana, lakini angalia mipira kwanza. Barabara za vumbi za Tabora hazisamehi mpira uliopasuka: vumbi jekundu likichanganyika na grisi linakuwa dawa ya kusagia chuma, na kiungo kinakwisha kabla ya msimu wa mvua. Mipira mingi hupasuka siku ile ile ya kufungwa, fundi anapoibana na nyundo au anapoisokota. Nyingine hupasuka kwa sababu kiungo kimefungwa kikiwa kimelala upande, si katikati ya mzunguko wake. Gari likikata kona, mpira unavutwa mpaka unachanika.

Kiungo kizuri kikiwa kipya ni kigumu kukizungusha kwa vidole. Kikilegea kikiwa bado dukani, kirudishe kwenye boksi lake. Katika sita, tatu ni za uzi wa kulia na tatu za uzi wa kushoto. Muuzaji anayekuambia zote ni sawa hajui anachouza. Kuachia, usipige uzi. Gonga jicho la mkono kwa nyundo mbili, moja kila upande, kwa pamoja, nayo pini itadondoka. Sehemu ya mshazari ifute iwe kavu, bila grisi, kaza nati kwa Nm 40 hivi, kisha endelea kukaza hadi tundu la spliti pini lionekane. Usirudishe nati nyuma kutafuta tundu. Pande zote mbili za kila fito ziingie nyuzi sawa, na klipu zake zikazwe baada ya alaimenti, siyo kabla.

Fundi akikuambia atakijaza kiungo kilicholegea kwa kukichomelea, chukua ufunguo wa gari uondoke.

SWALI: Nimenunua springi mpya za mbele za Land Rover, seti kamili. Sasa gari limelala upande wa dereva. Nirudishe dukani?
*Msomaji, Urambo*

JIBU: Zibadilishane kwanza. Springi ya upande wa dereva imekunjwa zaidi, kwa kuwa upande huo unabeba dereva na tangi la mafuta lililo chini ya kiti chake. Ziweke zote mbili sakafuni, pima urefu wa upinde, ndefu iende kwa dereva. Yubolti za zamani usizirudishe, zimeshavutika. Na bolti za sheko zikaze gari likiwa limeshuka chini kwa uzito wake wote. Ukizikaza gari likiwa kwenye jeki, mpira wa bushi unabaki umesokotwa muda wote na utachanika mapema.

SWALI: Peugeot 504 inagonga mbele kulia kwenye matuta. Fundi anasema ni mlingoti wa shokapu, na kwamba atafunga springi kwa waya ili aufungue. Ni sawa?
*Msomaji, Kitete, Tabora*

JIBU: Si sawa, na tungependa kila anayemiliki 504 asome hapa. Springi ya mbele imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na nati ya katikati juu ya mlingoti ndiyo pekee inayoizuia. Waya hukatika. Vibanio viwili vya springi vyenye ndoano na uzi mrefu, vikiwekwa pande mbili zinazotazamana na kukazwa kwa zamu, ndivyo vifaa vya kazi hiyo. Nati ya katikati haiguswi mpaka springi icheze huru ndani ya viti vyake.

Lakini kugonga huko pengine si mlingoti. Mlingoti uliokufa hufanya gari liendelee kunesa baada ya tuta. Kugonga mara moja kavu, kila tuta, hutoka kwenye bushi za mkono wa chini, kiungo cha chini, au raba ya juu ya mlingoti. Inua gari kwenye chasisi gurudumu lining'inie, ingiza fimbo ya chuma kati ya mkono wa chini na chasisi, pandisha na kushusha. Kwa raba ya juu, shusha gari, fungua boneti, weka mkono juu ya mlingoti huku mwenzako akigeuza usukani: ikiruka chini ya kiganja, imekwisha. Bushi za mkono wa chini kazi yake ni ile ile ya springi za majani: zikazwe gari likiwa limekaa chini.

Reki ya usukani ya 504 ni imara sana, na nyingi zinabadilishwa bila sababu wakati kilichochoka ni viungo vya ncha zake. Familia hii ya magari ilijengwa kwa barabara zetu. Peugeot 404, mtangulizi wake, ilishinda mbio za East African Safari mwaka 1963, kisha tena 1966, 1967 na 1968. Mbili za katikati zilishindwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania. Reki za 404 zilivumilia hayo. Ya kwako itavumilia matuta ya Kitete.

SWALI: Volkswagen ya mwaka 1963, magurudumu ya mbele yamelala ndani juu. Spea za kingpini nimepata Dar es Salaam zije kwa treni. Nifunge mwenyewe?
*Msomaji, Nzega*

JIBU: Kufungua na kufunga, ndiyo. Kukereza bushi, hapana. Bushi mpya za kingpini zikishasukumwa ndani huwa ndogo kuliko pini, na lazima zipanuliwe zote mbili kwa mstari mmoja, kwa rima ndefu inayopita juu na chini kwa pamoja. Tabora mjini wapo wakerezaji wa vyuma. Mpelekee nakili (chuma kinachobeba gurudumu, chenye bushi hizo) na pini zake zote. Pini iingie kwa kusukumwa na kidole gumba.

Kulala kwa magurudumu hutoka kwenye pini za linki, zile za kulala, na mpangilio wa shimu zake ndio unaoweka pembe. Andika shimu ngapi zilikuwa ndani na ngapi nje kwa kila pini kabla ya kuzigusa. Ukishafunga, legeza bolti ya klipu, kaza pini mpaka ibane, irudishe moja ya nane ya mzunguko, kaza klipu. Grisi ipigwe magurudumu yakiwa hewani. Yakiwa chini, uzito hufunga upande ule ule unaohitaji grisi. Hayo ni kwa za kingpini tu. Beetle za kuanzia modeli ya 1966 zina viungo vya tufe (bol jointi), na spea zake haziingiliani.

SWALI: Huku hakuna mashine ya alaimenti. Nitajuaje?
*Msomaji, Kaliua*

JIBU: Kwa Land Rover huhitaji mashine, kwa sababu kasta (kuinama kwa kingpini kuelekea nyuma) na kuinama kwa magurudumu vimewekwa na ekseli yenyewe: nyuzi 3 na nyuzi 1.5. Kinachorekebishwa ni kufinyana kwa mbele tu. Egesha pasipo mteremko, usukani umenyooka, sukuma gari mbele mita chache kwa mkono na usilirudishe nyuma. Weka alama ya chaki kwenye ukingo wa ndani wa kila rimu, mbele, kwa kimo cha habu, upime kati ya alama mbili. Sukuma gari mbele nusu mzunguko mpaka alama zile zile ziwe nyuma kwa kimo kile kile, pima tena. Kipimo cha mbele kiwe kidogo kuliko cha nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4. Alama zikiwa zile zile, hata rimu iliyopinda kidogo haikudanganyi. Futi ya fundi nguo hunyumbuka. Tumia fito mbili nyembamba za mbao zinazoteleza, uziwekee mstari wa kalamu pale zinapokutana.

Rekebisha kwa kuzungusha bomba la traki rodi baada ya kulegeza klipu zake. Usukani ukikaa upande wakati gari linakwenda moja kwa moja, usiung'oe na kuugeuza. Hesabu mizunguko yake mwisho hadi mwisho, uweke katikati kamili, kisha rekebisha fito ndefu ya kutoka kwenye boksi.

SWALI: Bushi za kuchonga kwa tairi kuukuu zinafaa?
*Msomaji, Kibondo*

JIBU: Kwenye sheko za springi za majani, zitakufikisha mpaka spea ije, ukichonga tairi lenye nyuzi za nailoni, lenye nyaya za chuma hukata pini. Kwenye mkono wa chini wa Peugeot au kiungo chochote cha usukani, hapana: bushi hizo hazina bomba la chuma la ndani, bolti haibani kitu, na gurudumu hubadili pembe kila unapokanyaga breki.